Mistari Iliyokwenda Kushoto

Inspekta Meshack alizaliwa Bahi, kwenye tambarare kavu za Dodoma, ambako boga likikuponyoka mkononi hukusubiri hapo hapo chini. Huku Umatengo boga likikuponyoka utalikuta kwa jirani, tena jirani yule wa bondeni msiyeelewana naye. Ndiyo maana asubuhi ile ya Machi, katikati ya shamba la Mansuetus huko Ukata, mpelelezi wa wilaya alikuwa amekumbatia kisiki, huku mama aliyekuwa akihojiwa naye amesimama wima upande wa juu, mikono kiunoni, bila kushika kitu.

"Wifi alisimama hapo hapo ulipo, afande," alisema Hildegardi, dada mkubwa wa Mansuetus. "Mdogo wangu alikuwa juu, kwenye majani. Mimi nilikuwa kwenye kahawa yangu, pale ng'ambo."

"Ukamsikia wifi yako anasema nini?"

"'Nitakukomesha, Mansuetus!' Tena mara mbili. Hiyo Ijumaa. Jumamosi mtoto wa mama yangu anaanguka kanisani. Sasa unataka ushahidi gani tena?"

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kuisimulia. Mansuetus, mwalimu wa kwaya wa kigango, alikuwa kwenye mazoezi ya nyimbo za Pasaka. Alikunywa togwa ya mkewe kutoka kibuyu kidogo alichokuwa akiletewa kila mazoezi ili kulainisha koo, na papo hapo akaanguka, akatapika, akajaribu kusimama, akaanguka tena. Alipelekwa hospitalini Mbinga akiwa amelazwa juu ya magunia, kwenye gari la mojawapo ya kampuni hizi mpya zilizokuja kununua kahawa. Jumanne Hildegardi alishuka kituoni kushtaki, na mke wa Mansuetus, Walburga, akawekwa mahabusu. Togwa iliyobaki ilitiwa kwenye chupa ikapelekwa Dar es Salaam kwa Mkemia wa Serikali, ambaye majibu yake huja kama mvua ya Bahi. Jumatatu ijayo Walburga angesimama mbele ya hakimu kwa kosa la kujaribu kuua, na kutoka hapo safari ilikuwa gereza la Songea. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikimkera Inspekta: alikuwa na mshitakiwa kabla hajawa na sumu.

"Walikuwa wanagombania nini?" aliuliza.

"Ugomvi wa mke na mume una jina?"

"Kwa kawaida unalo."

Hildegardi aliangalia pembeni. "Majani," alisema kwa shingo upande.

Inspekta akaangalia majani. Mteremko mzima ulikuwa umegawanywa kama daftari la hesabu. Nyasi zilizofyekwa zilikuwa zimelazwa kwa mistari, mingine ikishuka na mingine ikikatiza, vikabaki visanduku katikati. Sehemu ya chini ya shamba kila mstari ulikuwa umekwisha kufukiwa kwa udongo na kila kisanduku kimechimbwa shimo, na kwenye kingo maharage yalikuwa yameanza kuchipua. Hizo ndizo ngoro. Watu wa hapa wamelima hivyo tangu mababu, na milima yao bado iko mahali pake.

"Nani analaza majani?"

"Mwanaume. Mwanamke anafukia na kuchimba. Mke hagusi mstari wa mumewe, anafukia ulivyo."

"Kwa hiyo mistari yote hii ni ya Mansuetus."

"Yote."

Inspekta akaachia kisiki, akapanda kwa magoti na mikono. Mistari ya chini ilikuwa imenyooka utadhani ilivutiwa kamba. Ile ya juu, ambayo ilikuwa bado majani matupu, ilianza vizuri upande wa kulia, ikaenda hatua chache, kisha ikaanza kuteremka, kuelekea mkono wa kushoto wa aliyeilaza. Uliofuata pia. Na uliofuata.

"Mbona huku imepinda?"

Hildegardi aliona haya kwa niaba ya ukoo mzima. "Watu wamesema alikuwa amelewa. Mdogo wangu halewi, na Kwaresima ndiyo kabisa."

"Ikipinda kuna ubaya gani?"

"Mvua, afande! Maji yanatafuta palipolegea. Shimo moja likipasuka yanapasuka yote, udongo unahamia bondeni na mbegu zako. Mke yeyote angepiga ke..."

Alinyamaza, maana alikuwa amejisikia mwenyewe. Inspekta alikuwa na adabu ya kutosha kuangalia mawingu.

"Hii ya chini alilaza lini?"

"Kabla hajaenda ziwani kununua samaki. Ya juu alilaza Ijumaa, baada ya kurudi."

Inspekta akafuata mstari mmoja kwa miguu yake hadi mwisho, akaanguka mara moja njiani, akainuka bila kutoa maelezo. Mlevi huyumba pande zote mbili. Anakwenda kushoto, anajishtukia, anazidisha kulia. Huyu alikuwa akivutwa upande mmoja tu, mstari baada ya mstari, na kila alipoanza upya alivutwa tena huko huko. Zaidi ya hayo, aliivuta mistari hiyo Ijumaa, na togwa aliinywa Jumamosi. Hilo peke yake halikumsafisha Walburga, kwa kuwa anayetia sumu Jumamosi anaweza kuwa alianza Alhamisi. Lakini lilitosha kumfanya Inspekta asahau maumivu ya goti.

Inspekta alimkuta Damiano, mpiga ngoma wa kwaya, anafagia kanisa. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye uso usiojua kuficha, na kijiji kizima kilikwisha kumnong'oneza Inspekta kwamba huyo ndiye aliyekuwa akiutamani ualimu wa Mansuetus.

"Kwaya naitaka, sikatai," alisema Damiano kabla hajaulizwa. "Lakini naitaka kwa haki. Mwalimu astaafu, nami niombe."

"Alianguka wakati gani hasa? Nieleze polepole."

"Alikunywa, akashusha kibuyu, akanipa ishara. Nikapiga ngoma kwa nguvu, maana wimbo wenyewe ni wa ufufuko. Paa! Akaenda chini."

"Kabla ya ngoma alikuwa amesimama?"

"Amesimama. Ameshikilia benchi, lakini amesimama."

"Akaangukia upande gani?"

"Kwangu. Mimi hukaa kushoto kwake. Aliangukia ngoma, karibu aipasue."

Inspekta akatembea hadi mahali pa mwalimu, akaliangalia benchi, akaangalia nafasi ya ngoma. Togwa ile haikuwa hata imefika tumboni. Kilichofika kwanza ni mshindo.

"Kuna kitu chochote alichokiacha hapa siku ile?"

Damiano akatoa kwenye mfuko wa shati kichuma chenye pembe mbili, kile ambacho walimu wa kwaya hukigonga ili kutafuta sauti ya kuanzia wimbo. "Namtunzia. Kina alama za meno, lakini si mimi."

"Meno?"

"Siku hizi alikuwa anakigonga gotini halafu anakibana kwa meno. Zamani alikipeleka sikioni, hili la kushoto, kama walimu wote. Tulidhani ndiyo mtindo mpya, ameupata kwenye semina."

Inspekta hakuwa mtu wa muziki, lakini alikuwa mtu wa kujaribu. Alikigonga gotini, lile zima, akakibana kwa meno. Sauti ilijaa ndani ya fuvu. Akaziba masikio yote mawili kwa vidole, na sauti haikupungua, ikaongezeka. Alirudia mara tatu, macho yamemtoka kwa furaha, na Damiano akaanza kuwa na wasiwasi naye.

"Damiano," alisema akikitoa mdomoni, "mwalimu wenu sikio moja lilikuwa halisikii."

"Aa, haiwezekani! Mwalimu yule anasikia hata mtu akiwaza kukosea."

"Wewe unakaa kushoto kwake. Mara ya mwisho alikukemea lini?"

Damiano alifikiri, ufagio mkononi. Uso wake ulianza kujikunja.

"Tangu Kwaresima ianze hajanikemea hata mara moja," alisema. "Nilidhani nimeendelea."

Walburga alitolewa mahabusu kesho yake asubuhi, akaketishwa mbele ya meza ya Inspekta. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa ya jembe, na hakuonekana kulia wala kulala. Neno lake la kwanza halikuhusu kesi.

"Afande, nani anafukia majani yangu?"

"Hakuna, mama. Yako vile vile."

"Basi mwaka huu tumekwisha. Mvua haingoji hakimu."

"Mumeo alileta samaki gani kutoka ziwani?"

Alimwangalia kama anayepima akili zake. "Mbasa mmoja, mkavu. Mtu hashuki milima yote ile kufuata mbasa mmoja. Na hakumla. Alitapika njiani, akatapika nyumbani, akasema ni kona za barabara. Usiku akawa anashika kitanda, anasema nyumba inazunguka."

"Ijumaa mkagombana kwa sababu ya mistari."

"Nilimwambia nitamkomesha, ndiyo. Nilitaka niende kwa baba yake mkubwa nikamseme, aaibike. Mansuetus analaza mistari ambayo watu wa Litembo wanakuja kuiangalia. Siku ile alilaza kama mtoto. Nikadhani ananidharau, kwamba nifukie tu uchafu wake. Sikujua anaumwa, afande. Hilo linaniuma kuliko pingu."

"Na sikio lake la kushoto?"

Walburga akafunga mdomo. Nje, askari wa zamu alikuwa akigombana na mbuzi aliyeingia kwenye maua ya kituo.

"Mama, nimekuuliza sikio."

"Nimeapa kwa rozari," alisema mwishowe. "Wewe ndiye umelitaja, si mimi. Liliziba tangu Januari. Aliogopa wakijua watampa Damiano kwaya. Aliniambia, 'Mama Beatha, hata padre asijue.'"

"Umekaa humu ndani kwa kosa la kujaribu kumwua, na neno hilo ukalificha?"

"Lilikuwa neno lake, afande. Halikuwa langu."

Inspekta Meshack alikuwa amehoji wezi wa ng'ombe, waongo wa kila kabila na karani mmoja wa mahakama. Hakukumbuka mara ya mwisho alipoona haya mbele ya mahabusu. Aliamuru apewe chai, kisha akatoka kutafuta gari la kushuka ziwani.

Barabara ya Mbamba Bay ilikuwa na kona za kutosha kumtapisha mtu mwenye masikio yote mawili. Inspekta alishuka Ijumaa saa nne za asubuhi, akaenda moja kwa moja kwenye meza za samaki. Mtu aliyenunua mbasa mmoja tu, alifikiri, atakumbukwa na mama aliyemuuzia, kwa kuwa wauza samaki husahau wateja wazuri na kuwakumbuka wa ajabu.

Aliyemkumbuka aliitwa Devotha. "Mmatengo mrefu mwenye koti? Yule nilimwogopa, kaka. Hakupunguziwa bei wala hakuomba. Aliishika hii meza hivi, mikono miwili, nikadhani anataka kuipindua. Nikamwuliza, 'Baba, unaumwa?' Akasema nimfungie samaki yeyote."

"Alitokea upande gani?"

Devotha alinyoosha kidole chenye magamba ya samaki kuelekea nyumba ndogo iliyopakwa chokaa. "Pale kwa Wilfred. Alikuwa na pamba sikioni, huku, la kushoto."

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu serikali iruhusu tena zahanati za watu binafsi, na kibao cha Wilfred kilikuwa bado kinang'aa rangi. Mwenyewe alikuwa mganga msaidizi aliyeacha kazi ya serikali. Mtu msafi, koti jeupe limepigwa pasi. Alimkaribisha Inspekta kiti na soda.

"Mansuetus?" alisema. "Wagonjwa ni wengi, afande. Majina yanapotea."

"Huyu alitoka kwako na pamba sikioni, akaikumbatia meza ya samaki hapo nje."

"Pamba mtu anaweza kujiwekea mwenyewe."

"Anaweza. Ila kujiwekea na kuja kupumzika kwako kwanza, hiyo ni tabia ngeni. Nionyeshe unachotumia kwa masikio."

Wilfred hakusogea. Inspekta akafungua soda yake, akanywa, akangoja. Kungoja lilikuwa jambo alilolifanya vizuri kuliko wengi.

"Amekufa?" Wilfred aliuliza.

"Hajafa. Mkewe yuko ndani kwa kumpa sumu. Jumatatu anakwenda mahakamani."

"Sumu gani?"

"Ndiyo hiyo ninayoitafuta."

Wilfred akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa. Alipoanza kusema alisema kwa sauti ya mtu anayetua mzigo.

"Ni kazi ndogo, afande, na inajulikana. Maji yakijaa nyuma ya kiwambo, ile ngozi ya ndani ya sikio, mtu hasikii. Unatoboa tundu dogo kwenye kiwambo, maji yanatoka, na tundu linajiziba lenyewe. Nilifundishwa, nimefanya wengi, wamepona. Kisu chake maalumu sina, natumia sindano ndefu, lakini mkono wangu haukuwa na tatizo."

"Safari hii?"

"Meli ilikuwa inaingia. Sindano iko sikioni, ikapiga honi. Mtu wa milimani, hajazoea, akaruka. Kichwa chake kilikwenda, mkono wangu ukabaki. Nikahisi imezama." Alijifuta uso. "Alipiga kelele. Macho yakaanza kucheza, kuvutwa upande na kurudi. Akatapika hapo nilipokaa."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba ni kawaida. Itapita."

"Ilikuwa kawaida?"

"Hapana."

Wilfred aliona aibu hadi masikio yake mwenyewe yakawa ya moto, na Inspekta akamwonea huruma, jambo ambalo halikumzuia kuchukua maelezo yake na saini.

"Mkono kuteleza ni mambo ya waganga wakuu, watakupima wao," alimwambia akisimama. "Mimi nimefuata mdomo ulionyamaza. Funga zahanati, tunapanda wote."

Daktari Mwanabibi, mwenyeji wa Pangani, aliwapokea hospitalini Mbinga, mlangoni mwa wodi, Jumamosi asubuhi na akamsikiliza Wilfred bila kumkatiza. Wilfred alipomaliza, Daktari alimgeukia Inspekta.

"Mimi sikuandika sumu. Niliandika sijui. Nilimwuliza mgonjwa mara mbili kama ana ugonjwa mwingine wowote, akasema hana. Nikaona macho yanacheza, kutapika, kuyumba. Mtu akikuletea hayo na kibuyu cha togwa, utaanza na kibuyu."

"Anaendeleaje?"

"Afadhali kidogo, lakini ukimgeuza kushoto analia. Muda wote amelalia ubavu wa kulia, uso ukutani. Nilidhani ni huzuni."

"Sikio gani liko kwenye mto?"

Daktari alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kwa kujilaumu. "La kulia. Lile zima. Kumbe ndiyo maana manesi wanasema ni jeuri, anaitwa haitiki."

Wakaingia. Hildegardi alikuwa amekaa miguuni mwa kitanda akilinda ndugu yake. Mlangoni, Walburga alisimama na askari. Inspekta ndiye aliyeagiza aletwe, na mgonjwa, uso ukutani, hakumwona wala hakumsikia. Walipomgusa bega, Mansuetus alijiinua taratibu akakaa, mikono imeng'ang'ania fremu ya kitanda. Alikuwa mtu mrefu, ameisha. Daktari alimulika ndani ya sikio la kushoto na kurunzi yake ndogo, akaangalia kwa muda, akamwashiria Wilfred kwa kichwa naye aangalie. Kisha akaomba kile kichuma, ambacho Inspekta alikuwa amekuja nacho.

"Mwalimu, unakijua hiki. Kama ni maji tu yameziba, nikikiweka katikati ya paji la uso, sauti hukimbilia upande ulioziba. Ndiyo maana ulikuwa ukikiuma, ukakisikia vizuri. Lakini kama sikio la ndani, lile linalopokea sauti na kutupa mizani ya kusimama, limeumia, sauti itakimbilia upande mzima. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Akakigonga, akakiweka. "Unaisikia wapi?"

Mansuetus aliifuata sauti hadi ikaisha. Kisha akainua kidole, akaonyesha sikio la kulia.

Akaomba apewe kichuma. Alikigonga mwenyewe, akakibana kwa meno kama alivyozoea tangu sikio lizibe, akafumba macho, akasikiliza kwa makini yote aliyokuwa nayo. Machozi yalianza kumtoka kabla hajakitoa mdomoni. Alikuwa mwalimu wa kwaya, hakuhitaji kuambiwa.

"Kizunguzungu kitapungua," Daktari alisema kwa upole. "Mwili hujifunza kutegemea upande mmoja. Nitakupa dawa usaha usiingie ndani zaidi, na nitakuandikia uende hospitali ya rufaa wakaangalie. Lakini kusikia kwa sikio hilo, sitakudanganya, huenda kusirudi."

Inspekta akavuta kiti, akakaa upande wa kulia wa mgonjwa, karibu.

"Ulipolaza majani Ijumaa ulikuwa unavutwa kushoto. Damiano alipopiga ngoma, mshindo ulikuangusha, kwa kuwa sikio lililochanika halivumilii kishindo. Togwa haikuhusika. Hayo nimeyapata bila wewe. Sasa niambie: ulijua ulichomwa sindano. Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani la sikio ni la sikio, na la kichwa ni la kichwa. Yule bwana aliniambia ni kawaida."

"Nakubali, kwa Jumamosi. Na Jumanne, walipokuja kukwambia mkeo amekamatwa?"

Mansuetus aliangalia ukuta. Hildegardi alikuwa ameacha kusuka ukili aliokuwa nao mkononi.

"Ningetaja sikio, kwaya ingekuwa imekwisha," alisema kwa sauti ndogo. "Nilifikiri chupa itarudi kutoka Dar, wataona haina kitu, watamwachia. Nilijua hajafanya. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Chupa ile ingerudi maharage yamekwisha kuvunwa. Yeye angekuwa Songea, na siri yako angekuwa nayo huko. Nilipomwuliza kuhusu sikio, unajua alinijibu nini? Kwamba ni neno lako, si lake."

Mansuetus akafunika uso. Inspekta akasimama, akamwambia askari pale mlangoni kwa sauti ya kawaida kwamba mama huyu hana kesi, na kwamba karatasi zake atazimaliza mwenyewe leo hii. Hakuna aliyeshangilia. Hildegardi alishuka kitandani, akamwendea wifi yake, akaishika ncha ya kitenge cha Walburga.

Walburga akamwondoa taratibu, akaingia wodini. Watu walimwachia nafasi upande wa kulia, ambako kulikuwa na kiti na sikio zima. Yeye akazungukia miguuni mwa kitanda, akaenda upande wa kushoto. Akainama karibu kabisa na sikio lile, karibu ya kuligusa, akaanza kusema.

Alisema kwa Kimatengo, kwa kunong'ona, pole pole, na hakumaliza mapema. Inspekta hakuelewa hata neno moja. Aliona tu kwamba Hildegardi, aliyemfuata hadi hapo na kuelewa, alikuwa ameinamisha kichwa na ukili umemponyoka, na kwamba Walburga mwenyewe hakuwa akilia. Mansuetus alihisi pumzi shavuni, lakini mnong'ono haukufika sikio la kulia. Aliwaangalia mmoja mmoja wale walioweza kusikia.

"Anasema nini?" aliuliza. "Dada, anasema nini?"

"Mimi nimesema sana wiki hii," Hildegardi alijibu. "Muulize mwenyewe."

Kumwuliza kulitaka amwangalie, na kumwangalia kulitaka ageuze kichwa upande ule ambao kwa wiki nzima ulikuwa ukimzungushia dunia. Daktari Mwanabibi alisogea ili amsaidie, lakini Inspekta akamshika mkono, akamzuia. Mansuetus aliikamata fremu ya kitanda kwa mikono miwili, akafumba macho, akaanza kugeuka kushoto.